Mafuta ya Ngozi na Shilingi ya Mfanyakazi

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama mmoja wa reli mbele ya mkutano wa tawi)



Najua wengine mtacheka mkisikia mtu wa reli amesimama kusema habari za mafuta na poda. Chekeni kidogo, kisha mnisikilize, kwa maana jambo hili limo nyumbani mwa kila mmoja wetu.

Tulipokuwa watoto, dukani palikuwa na sabuni, mafuta ya mgando na poda. Siku hizi pita Dubois Road, Nairobi: shampuu, krimu za uso, nywele za kusukia, rangi za kucha na za midomo, maduka yamebanana. Hata sisi wanaume tumeingia. Kwa kinyozi twaoshwa uso na kukandwa. Na vijana huagiza kwa simu kitu walichokiona kwa picha tu.

Biashara hii imekua kwa shilingi za nani? Ni zetu. Mwaka 1995 Paul Kinuthia alianza hapa Nairobi kwa mtaji wa shilingi 3,000 hivi, akikoroga shampuu kwa mkono na kuziuzia saluni. Bidhaa zake za Nice & Lovely zilikuwa za bei ambayo mtu wa mshahara mdogo aliiweza. Mwaka 2013 L'Oréal, kampuni kubwa ya Ufaransa, iliinunua biashara yake ya urembo. Tajiri wa Paris aliona kwamba mikebe midogo mingi ni mali.

Lakini mkebe mdogo una hila yake. Tuchukue mfano wa hesabu. Mkebe wa gramu 50 ukiwa shilingi 70, na wa gramu 250 ukiwa shilingi 200, basi anayenunua midogo mitano atalipa shilingi 350 kwa mafuta yale yale. Shilingi 150 zimekwenda kwa sababu ya kukosa 200 siku moja. Maskini hulipa zaidi.

Sasa nafika penye uchungu. Mama watoto ameniruhusu niseme. Siku moja nilimsifu jirani mbele yake, kwamba ni mweupe. Nilisema kwa mzaha. Yeye akaenda kibandani akanunua krimu isiyo na jina la mtengenezaji. Wiki za kwanza alitakata, nami nikafurahi kama mjinga. Halafu uso ukawaka moto, ukatoka madoa meusi. Fedha za daktari zilizidi karo ya muhula. Ndugu zangu, krimu ile aliinunua yeye, lakini neno lililomtuma lilitoka kinywani mwangu.

Krimu nyingine za kujichubua zina zebaki. Zebaki hupenya ngozi, ikadhuru figo na mishipa ya fahamu, na hata mtoto aliye tumboni. Nyingine zina haidrokwinoni, ambayo ikitumiwa muda mrefu yaweza kuleta madoa kuliko yale ya kwanza. Serikali imezipiga marufuku, nazo zingali zikiuzwa kwa siri.

Basi tushike haya matatu. Kwanza, tusinunue kitu cha ngozi kisichoandikwa jina la mtengenezaji, vitu vilivyomo, na alama ya Shirika la Viwango, yaani KEBS. Alama nayo yaweza kuigizwa, kwa hiyo tuangalie na nambari ya kibali. Pili, majirani watatu au wanne wachange, wanunue mkebe mkubwa, wagawane. Umoja tunaoutumia kudai mshahara utumike pia kuulinda. Tatu, sisi wanaume tuchunge ndimi zetu. Binti akisikia kila siku kwamba weupe ndio uzuri, atautafuta kibandani.

Kujipamba si dhambi. Mke wangu angali anajipaka mafuta kila asubuhi, nami humwambia amependeza, kwa rangi yake aliyozaliwa nayo.