Joto la Lundo la Mboji
Mboji, yaani mbolea inayotokana na masalia ya mimea na samadi yaliyoozeshwa kwa mpango, hudhaniwa na wengi kuwa takataka zilizoachwa zioze zenyewe, ilhali ubora wake hutegemea viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, ambao huhitaji chakula, maji na hewa kwa pamoja. Albert Howard, mtaalamu wa kilimo kutoka Uingereza, alipofanya kazi Indore, India, kuanzia 1924 hadi 1931, aliweka utaratibu wa kupanga matabaka ya masalia na samadi, kisha kulipindua lundo mara kadhaa, na msingi huo ungali unafundishwa.

Mabua na majani makavu hutoa kaboni, mabichi hutoa naitrojeni. Kaboni ikizidi mno lundo hupoa na kudumaa, naitrojeni ikizidi hutoka harufu kali ya amonia. Kijiti kirefu kilichochomekwa katikati ndicho kipimajoto cha mkulima: kikichomolewa kikiwa na moto na unyevu, uozaji unaendelea vyema, kikitoka kikavu chenye ukungu mweupe, lundo linahitaji maji. Joto hilo, linaloweza kufikia nyuzi 60 za Selsiasi, huua mbegu nyingi za magugu na vimelea vya magonjwa, faida ambayo samadi mbichi haina. Mboji iliyoiva huwa nyeusi, yenye harufu ya udongo, na huchanganywa na udongo wa juu wa tuta kabla ya kupandikiza miche.