Dawa za Kulinda Ini la Kupandikizwa

Leo tutazungumza habari za mgonjwa aliyepandikizwa ini la mtu mwingine, na dawa za kulilinda.

Mwilini mna kinga, mfano wa askari. Kazi yao ni kupigana na vijidudu vya maradhi. Lakini askari hawa hawatambui kwamba ini jipya limekuja kusaidia. Huliona adui, wakalishambulia. Kwa hiyo mgonjwa hupewa dawa za kuwapunguza nguvu.

Daktari Thomas Starzl alijaribu kupandikiza ini huko Denver, Marekani, mwaka 1963. Mgonjwa alikufa. Mwaka 1967 alifaulu. Mgonjwa aliishi zaidi ya mwaka mmoja. Lakini dawa za siku zile hazikutosha, na wengi walikufa mapema.

Baadaye zilipatikana dawa mbili, na zote asili yake ni udongo. Siklosporini yatokana na ukungu uliopatikana katika udongo wa Norwei. Takrolimasi yatokana na vijidudu vya udongo wa Japani. Wagonjwa wa ini walianza kupewa mwaka 1989, huko Pittsburgh, Marekani.

Je, ipi ni bora? Mwaka 2006 wataalamu walikusanya majaribio mengi, wakayalinganisha. Andikeni hesabu yao. Wagonjwa 100 wakipewa takrolimasi badala ya siklosporini, 9 huepuka shambulio la ini, 5 huepuka kulipoteza, na 2 huepuka kufa. Lakini wengine 4 hupata ugonjwa wa kisukari. Tena dawa zote mbili zaweza kudhuru figo.

Basi dawa bora si ile isiyo na hasara, bali ile ambayo faida yake yazidi hasara kwa mgonjwa huyu. Ndiyo sababu daktari hupima damu mara kwa mara. Dawa ikipungua, ini hushambuliwa; ikizidi, figo huumia, na maradhi mengine huingia kwa urahisi.

Shikeni neno hili: mgonjwa akijiona mzima, asiache dawa wala asipunguze bila shauri la daktari. Uzima anaouona ni kazi ya dawa hiyo hiyo.

Swali la kuzungumza darasani: Ndugu yako amepandikizwa ini, na katika ukoo wenu mna kisukari. Utamwuliza daktari maswali gani?