Mbao za Ukutani na Majina Yake: Mfano wa Vwawa



Mada yangu ya leo yaweza kuonekana kuwa ya seremala kuliko ya mwanaisimu. Mkazi wa Vwawa anayetaka kuvika kuta za sebule yake mbao, kwa mtindo wa kale, achague mbao zipi? Nitadai kwamba uchaguzi huo, kabla haujawa wa randa na msumeno, ni uchaguzi wa maneno, na kwamba baadhi ya maneno tuliyonayo humtia mnunuzi hasarani, na hata huweza kumdhuru.

Tuanze na pengo. Kiswahili cha pwani kina msamiati mpana wa miti ya nyumba. Paa lina makombamoyo, pau na mtambaapanya. Mlango una miimo, kizingiti na mfaa. Ukuta wenyewe, hata hivyo, ulikuwa wa fito na udongo, au wa mawe na chokaa, na pambo lake katika nyumba za mawe lilikuwa zidaka. Ndiyo maana hatuna nomino moja iliyokubalika ya mbao zinazovika ukuta. Si aibu; lugha haina deni la kutaja kisichokuwapo. Waingereza, ambao kwao mbao hizo zilikuwa kinga ya baridi na unyevu wa kuta za mawe, walilipata neno wainscot kutoka kwa majirani zao wa ng'ambo ya bahari. Mwanzoni lilitaja mbao bora za mwaloni zilizoletwa kutoka nchi za Baltiki. Baadaye likahamia kwenye kazi ya kuvika ukuta, hata kama mti uliotumika ni mwingine kabisa.

Vwawa, makao makuu ya Mkoa wa Songwe ulioanzishwa mwaka 2016, iko katika nyanda za juu, na baridi ya Juni na Julai yatosha kumfanya mtu atamani kufunika tofali zake za kuchoma. Mbao ngumu anazoweza kuzifikiria ni za miti ya miombo: mninga, mkongo, mkurungu. Mninga unasifika kwa kutonywea wala kutanuka sana, sifa ya kwanza inayotakiwa ukutani. Lakini majina! Mkongo wa bara ndio mbambakofi wa pwani ya Kenya, mti mmoja, Afzelia quanzensis. Tena asije mtu akadhani ni mbao zilizotoka Kongo. Mkurungu nao, ukivuka mpaka wa Tunduma kuingia Zambia, huitwa mukula. Mwaka 2019 mti huo uliingizwa katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Na mwaka 2022, katika mkutano wa Panama, ikaongezwa miti ya Afrika ya jamii za mninga, mkongo na mkangazi. Tangu hapo mbao hizo haziruhusiwi kuvuka mpaka bila kibali. Anayeuziwa "mukula" upande huu, asijue kuwa ndio mkurungu, hajui hata aulize karatasi gani.

Aghalabu, hata hivyo, mfuko humwelekeza mtu kwenye paina, mbao nyepesi za mashamba ya miti kama Sao Hill, wilayani Mufindi. Mchwa huzipenda mno, kwa hiyo nyingi huuzwa zikiwa "zimetiwa dawa". Hapa ndipo semantiki inapogusa mapafu. Dawa katika Kiswahili ni kile kinachoponya na pia kile kinachoua: tuna dawa ya kikohozi na dawa ya panya, na msikilizaji hutegemea neno linalofuata. Katika "mbao za dawa" neno linalofuata halipo, na sikio la mnunuzi huchagua maana njema. Dawa yenyewe, ile inayoacha rangi ya kijani, mara nyingi ni mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki. Nchini Marekani watengenezaji waliacha kuitia katika mbao za matumizi mengi ya majumbani mwishoni mwa mwaka 2003. Kwenye kenchi, juu ya dari, mbao hizo zina kazi yake halali. Ukutani ni jambo jingine: hupigwa randa na msasa, vumbi lake huvutwa, na watoto huzishika kila siku. Hapo ni heri paina isiyo na dawa, iliyokaushwa vizuri, ipigiliwe juu ya vipande vyembamba vinavyoacha hewa ipite kati yake na tofali, ipakwe vanishi, na ikaguliwe dhidi ya mchwa kila mwaka.

Kuhusu istilahi, sioni haja ya kubuni nomino ya kifahari. "Kuvika ukuta mbao" kwatosha, na fundi ataelewa. Kazi kubwa iko kwenye vidahizo tulivyo navyo tayari. Kamusi inayoorodhesha mkurungu itaje pia mukula. Mkongo na mbambakofi vielekezane, kwa jina moja la kisayansi. Na chini ya dawa paongezwe maana nyingine: kemikali inayonyweshwa mbao ili zisiliwe na wadudu, yenye sumu kwa binadamu.