Hofu ya Safari Hifadhini na Tiba Yake
Barabara kuu ya Morogoro hadi Iringa hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50. Wengi huipita bila wasiwasi, ilhali huogopa kuingia hifadhini kutalii. Hofu hiyo haiondolewi na ujasiri, bali na utaratibu. Simba aliyezoea magari huliona gari kama kitu kimoja. Abiria anayeshuka hugeuka windo. Tembo akitanua masikio na kusogea, dereva hurudi nyuma taratibu, bila honi. Gari likiharibika, abiria hubaki ndani mpaka askari wa hifadhi wafike. Usiku kambini, mgeni hatoki hemani bila mlinzi. Tahadhari kabla ya hatari.