SAFARI YA MAPUMZIKO MILIMANI: TUIPANGE KWA KALAMU

Tayarisheni daftari na kalamu, maana somo la leo ni la kusoma, la kuandika na la hesabu pamoja.

Watu wengi hudhani kwamba kwenda milimani kupumzika ni jambo la wageni wenye fedha nyingi. Sivyo. Mtu mwenye kipato kidogo aweza kwenda na jamaa zake, naye akarudi salama bila deni. Lakini hapana budi aipange safari yake mapema, na aiandike. Asiyeandika huona fedha zake nyingi siku ya kwanza, na siku ya tatu hana nauli ya kumrudisha nyumbani. Akiba ya mwaka mzima yaweza kupotea hivyo, na watoto wakalala stendi.

Tuchukue mfano wa milima ya Usambara, katika Mkoa wa Tanga. Chora mistari katika ukurasa wako upate safu nne. Juu yake andika maneno haya: LINI, NJIA, MAMBO YA KUONA, FEDHA.

Safu ya kwanza ni LINI. Mvua za masika huanza mwezi wa Machi na kuendelea mpaka Mei. Wakati huo njia za udongo ziendazo vijijini huteleza, na ukungu hufunika vilele usione kitu. Mvua za vuli huja kati ya Oktoba na Desemba. Basi miezi mizuri kwa mwenye watoto wa shule ni Juni na Julai, wakati wa likizo. Lakini jueni kwamba ni miezi ya baridi. Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi kama 6. Mji wa Lushoto uko juu kadiri ya mita 1,400. Kwa hiyo mtu atokaye pwani achukue sweta na blanketi jepesi, hata kama kwao analala bila shuka.

Safu ya pili ni NJIA. Tuseme unatoka Dar es Salaam. Utapita Chalinze, kisha Segera. Hapo Segera njia moja yaenda Tanga, na nyingine yaenda Korogwe na Mombo. Shika hii ya Mombo. Mombo ni mji mdogo ulio chini ya mlima. Mabasi mengine hufika Lushoto moja kwa moja, na mengine hukushusha hapo Mombo, ukatafuta gari jingine la kupanda. Uliza kabla ya kukata tikiti. Kutoka Mombo mpaka Lushoto ni kama kilomita 33, nayo barabara yazunguka kando ya korongo. Mwenye kutapika garini akae mbele, na asile sana kabla ya kupanda.

Safu ya tatu ni MAMBO YA KUONA. Katikati ya njia hiyo ya mlima utakuta mji mdogo wa Soni, wenye maporomoko ya maji karibu na barabara. Huko Usambara, upande wa Vuga, ndiko yalikokuwa makao ya Kimweri ye Nyumbai, mfalme mkuu wa Wasambaa. Mmisionari Krapf alimzuru mwaka 1848. Wazee wa huko wangali na habari nyingi za ufalme huo. Ukiwasalimu vizuri watakusimulia.

Mbele yake ni Lushoto. Zamani za Wajerumani mji huu uliitwa Wilhelmsthal, kwa jina la Kaisari wao. Nenda sokoni ujionee kabichi, karoti, plamu na pichesi, maana mlima huu hulisha miji mingi ya chini. Kutoka mjini mpaka Irente ni kama kilomita 6, na watu wazima waweza kwenda kwa miguu. Hapo mlima umekatika kama ukuta, na chini yako waona Mazinde, mashamba ya mkonge, na nyika ya Wamasai mpaka macho yanachoka. Washikeni watoto mikono, maana ukingo hauna mchezo.

Upande mwingine wa Lushoto uko msitu wa Magamba, wenye mbega weusi kwa weupe. Ni msitu wa hifadhi, kwa hiyo ulizeni kwanza kibali na kiingilio. Msikate mti wala kuchuma maua. Vijito vya mlimani hutoka katika misitu kama huo, navyo hunywesha mashamba ya watu wengi. Mmea mmoja mdogo wa Usambara, wenye ua la zambarau, umekwenda mbali sana. Mwaka 1892 Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire alipeleka mbegu zake kwao, na leo hupandwa katika vyungu madirishani huko Ulaya na Marekani. Watu wa mbali wanaujua, na wengi wetu hatujapata kuuona!

Mwenye siku zaidi aweza kwenda Mlalo, au Mtae ulio ukingoni mwa mlima. Lakini usijaze safu hii kupita kiasi. Jambo moja kwa siku latosha.

Sasa safu ya nne, FEDHA. Bei nitakazotaja ni za kujifunzia hesabu tu; za kweli utaziuliza mwenyewe. Tuseme watu ni wanne: baba, mama na watoto wawili wakubwa. Watalala siku tatu.

Nauli ya kurudi, 25,000 mara 4: shilingi 100,000.
Nauli ya kwenda: shilingi 100,000.
Vyumba viwili kwa 20,000, siku tatu: shilingi 120,000.
Chakula, 10,000 kwa kila mtu, siku nne: shilingi 160,000.
Viingilio na kijana wa kuwaongoza: shilingi 80,000.
Akiba ya ugonjwa au gari kuharibika: shilingi 60,000.
Jumla: shilingi 620,000.

Mmeona nimeandika nauli ya kurudi kwanza. Fanyeni hivyo hivyo. Itieni katika bahasha, ifungeni, na mama aiweke. Haifunguliwi kwa kununua pichesi, wala kwa soda. Sasa gawanya 620,000 kwa miezi 10. Utapata 62,000 kwa mwezi. Je, waweza kuziweka bila kugusa ada ya shule wala fedha ya mbegu? Kama huwezi, punguza usiku mmoja, au ahirisha safari mpaka mwakani. Mlima hauhami.

Kabla ya kuondoka, peleka barua au ujumbe wa simu kwa mwenye nyumba ya wageni. Usimwandikie maneno mengi. Mwandikie hivi: “Bwana, salaam. Sisi tu watu wanne. Tutafika tarehe 20 Juni, tutalala siku tatu. Twataka vyumba viwili. Tafadhali nijulishe bei ya chumba kwa siku, na kama chai ya asubuhi imo.” Jibu lake lihifadhi. Ukifika ukatajiwa bei nyingine, utamwonyesha maandishi yake kwa upole, nanyi mtaelewana.

Jambo la mwisho ni adabu. Ukikutana na Msambaa asubuhi, mwamkie kwa lugha yake: “Onga maundo.” Usimpige mtu picha kabla ya kumwomba ruhusa, wala usipite katika shamba lake la mboga.

Kazi ya juma hili. Kwanza, nakilini zile safu nne, mzijaze kwa mlima ulio karibu nanyi, uwe Uluguru, Upare, Rungwe au mwingine. Pili, andikeni barua kwa mwenye nyumba ya wageni. Tatu, jibuni swali hili: baba ana shilingi 450,000 tu, na hesabu ni ile ile ya 620,000. Apunguze nini, na asipunguze nini? Jadilianeni darasani pamoja na mwalimu wenu.

Kwaherini mpaka juma lijalo.