Kazi ya Mikono Ihesabiwe Miongoni mwa Dawa



Kila mwaka, mavuno yanapomalizika, ngoma huanza kulia Usukuma. Wako watu, hasa waliosoma kidogo, ambao huziona ngoma hizo kuwa anasa ya msimu tu. Wazee hawakufikiri hivyo. Masimulizi ya Wasukuma yasema kwamba vyama viwili vikubwa vya wachezaji, Bagika na Bagalu, vilianzishwa katika karne ya 19 na waganga wawili, Ngika na Gumha, walioshindana kujua dawa ya nani ina nguvu zaidi. Mshindi alijulikana kwa wingi wa watu waliovutwa na ngoma yake. Nao Bayeye, wachezao na nyoka, ndio hao hao waliokuwa wakitafutwa mtu aumwapo na nyoka. Tena iko Bugobogobo, ngoma ya majembe, ambayo mlio wake huyainua majembe kwa pamoja hata mchovu asijue kuwa amechoka.

Mwenye kutaka kuyaona haya kwa macho na afike Bujora, karibu na Kisesa, katika njia ya Mwanza kwenda Musoma. Huko Padre David Clement, mzaliwa wa Kanada, alianzisha katika miaka ya 1950 makumbusho ya Wasukuma. Zimo ngoma za watemi, vyombo vya waganga, na vyombo vya nyumbani vilivyotengenezwa kwa mikono. Ni vema kwamba vimewekwa pamoja, kwa kuwa hata zamani havikutenganishwa.

Mtu asidhani kwamba hapa inadaiwa kuwa kikapu chaponya malaria. Mgonjwa apelekwe zahanati, na ikibidi Bugando. Lakini yako maumivu yanayobaki baada ya daktari kumaliza kazi yake. Mtu amepona mwili, ila amezoea kukaa pembeni. Hasalimiwi, haulizwi neno, naye mwenyewe ameanza kuamini kwamba hafai kitu. Hapo ndipo mikono inapoweza kufanya ambalo sindano haliwezi. Ususi hudai hesabu na utulivu. Mwenye kusuka hawezi kuhesabu nyuzi na huku akiihesabu misiba yake. Na jioni kipo kitu mbele yake ambacho asubuhi hakikuwapo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, hospitali za Uingereza na Marekani ziliwapa askari waliojeruhiwa kazi za ususi na useremala kwa sababu hiyo hiyo, na tangu hapo tiba kwa njia ya kazi imekuwa taaluma inayosomewa vyuoni.

Hapa kwetu uko mfano wa akina mama waliopata fistula kwa uzazi wa taabu. Upasuaji huwarudishia afya, lakini wengi wao walikwisha kuachwa na waume na kukimbiwa na majirani. Huko Dar es Salaam, CCBRT ilianzisha Kituo cha Mabinti, ambako wanawake waliotibiwa hufundishwa kushona, kupiga chapa vitambaa na kufuma, pamoja na hesabu za biashara. Anayetoka hapo hurudi kwao akiwa fundi. Hatajwi tena kwa ugonjwa wake.

Mfano wa pili uko ziwani penyewe. Katika miaka ya 2007 na 2008 mauaji ya watu wenye ualbino yaliitia aibu Kanda ya Ziwa. Kisiwani Ukerewe, baadhi ya watu hao walikusanyika pamoja na shirika la Standing Voice, na Ian Brennan, mtayarishaji wa muziki kutoka Marekani, akawasaidia kutunga na kurekodi nyimbo zao wenyewe. Wengi hawakuwa na mazoea ya kuimba mbele za watu. Waliimba habari za upweke wao, na mwaka 2017 nyimbo hizo zilitolewa kwa jina la White African Power. Muziki haukuzuia jua kuunguza ngozi. Kofia na mafuta ya kujikinga bado ni lazima. Ila waliokuwa wakifichwa ndani walisikiwa hata ng'ambo.

Sasa, Ndugu Makatibu, neno hili lahusu vipi chama cha msingi? Lahusu sana, nalo lina hatari yake. Kazi ya mikono huponya pale tu inapohesabiwa kuwa kazi. Mara nyingi mnunuzi humwonea mlemavu huruma, akanunua kikapu kilicholegea, kisha akakitupa. Msusi hujua. Huruma ya namna hiyo humrudisha pale pale pembeni alipotoka.

Wakulima wa pamba wa mkoa huu walilijua jambo hili kabla ya wengine. Walipoungana chini ya uongozi wa Ndugu Paul Bomani, hata ikaundwa VFCU mwaka 1955, hawakuwa wakiomba sadaka. Walitaka wasipunjwe kwenye mizani. Basi kikapu na chungu navyo vipate mizani yake. Pamba huchaguliwa, safi huku na fifi kule, wala mkulima haoni ametukanwa; kikapu kilicholegea nacho kirudishwe kwa mwenyewe kwa adabu, aonyeshwe kosa, akisuke upya. Kilichokazwa vema kilipwe bei yake kamili.

Katibu aanze na mambo madogo. Atafute kivuli cha kufanyia kazi, kwa kuwa mwenye ualbino hawezi kukaa juani. Msusi alipe kiingilio na hisa kama mwanachama mwingine, hata kama ni kidogo kidogo, naye aandikwe katika daftari lile lile la wanachama, si katika karatasi ya pembeni. Na stakabadhi iandikwe kwa jina la aliyesuka, hata ikiwa anayekuja kuchukua fedha ni kaka yake.