Ngazi za Maji



Kila aliyekaa Dodoma aijua tabia ya mito yetu. Tangu Juni mpaka Novemba ni mchanga mtupu, na watu huchimba visima ndani yake. Kisha mvua moja ya Januari hushuka, na jioni ile ile mto huja mwekundu, umechukua miti mizima. Kwa kadiri mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 600, lakini huja kwa vishindo. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 gharika ilibomoa njia ya reli kati ya Kilosa na Gulwe, chuma na mataruma yake.

Basi leo sitasema juu ya maji yakaayo ndani ya lambo, bali juu ya yale yazidiyo. Tuta la udongo halivumilii maji kupita juu yake. Kwa hiyo kila lambo hupewa mlango pembeni wa kuyatoa maji ya ziada, na wengi hudhani mlango ukiwa mpana kazi imekwisha. La! Yafuateni maji yaendako. Huteremka, huongeza mbio, na mteremko unapokoma huchimba shimo. Ukingo wa shimo humomonyoka na kurudi nyuma, kidogo kidogo, ukipanda kuelekea lambo. Siku korongo litakapofika mlangoni, lambo laweza kutoka lote usiku mmoja, na shamba la mtama lililo chini halitavunwa.

Mbio hizo zatoka wapi? Maji yaliyo juu yana nguvu iliyofichika, kama jiwe lililo ukingoni mwa genge. Yakianguka meta 10 bila kizuizi, hufika chini kwa mwendo wa meta 14 kila sekunde, yaani kilometa 50 kwa saa. Mfereji laini wa saruji huyaachia sehemu kubwa ya mbio hizo. Mfereji uliojengwa kama ngazi huyanyang'anya. Maji huanguka juu ya kidato, hujipiga, hugeuka povu, kisha huanguka tena. Na kila kidato huchukua ushuru wake. Nguvu ile haiangamii, hugeuka joto. Lakini msitumaini kuoga maji ya moto, maana maji yaangukayo meta 10 hayapati hata sehemu moja katika 40 ya digrii moja.

Hayo ni maji machache. Gharika ijapo, maji hufunika vidato vyote na kupita juu ya ncha zake tu. Hata hivyo, ndani ya kila pembe hubaki maji yazungukayo, nayo huyavuta yale ya juu na kuyachelewesha. Ila kadiri maji yanavyokuwa mengi kushinda kimo cha vidato, ndivyo msaada wake upunguavyo. Kwa hiyo chini ya ngazi hapana budi kuwapo birika imara la kuyatuliza. Ufundi huu si mgeni duniani: bwawa la New Croton, karibu na mji wa New York, lililomalizika mwaka 1906, lina ngazi kubwa za mawe za namna hiyo.

Kanuni ni ile ile katika makorongo ya Kondoa, ambako kazi ya Hifadhi Ardhi Dodoma ilianza mwaka 1973, na mifugo ikaondolewa katika eneo lililomomonyoka mwaka 1979. Ukuta mmoja mrefu wa mawe katikati ya korongo ni hatari, maana maji huanguka kutoka juu yake kwa nguvu zote. Afadhali kuta fupi nyingi, zifuatane. Kila ukuta uingie ndani ya kingo za pande zote mbili, na katikati uwe chini kuliko pembeni, maji yasije yakauzunguka. Penye maji kuangukia pangwe mawe makubwa. Na ncha ya ukuta wa chini ilingane na mguu wa ukuta ulio juu yake. Mkitaka kujua kama mmepatia, nyosheni kamba.